Panga usiku kwanza: kwenda Kundelungu na gari la kulala

Shule zikishafungwa mwanzoni mwa Julai, hapa kwetu Lubumbashi, kusini mwa Kongo, simu yangu haipumziki. Hiace inafika milima ya Kundelungu? Maporomoko ya Lofoi bado yana maji? Ya Kiubo tunaweza kwenda na kurudi siku moja? Watu wameona kwenye simu familia za Ulaya na Marekani zikizunguka milimani na magari yenye kitanda, jiko na choo, halafu wanaangalia minibasi iliyolala uani kwao na kujiuliza: na sisi je? Na sisi tunaweza. Mume wangu aling'oa viti vya nyuma vya Hiace yetu, akapiga kitanda cha mbao chenye masanduku chini yake, na tangu hapo vakansi za kiangazi tunazila barabarani, watoto wamepangwa katikati yetu kama samaki wa thomson ndani ya katoni.

Lakini angalia maswali yenyewe. Yote ni ya mchana. Hakuna anayeuliza usiku atauweka wapi. Ukienda hoteli, usiku ni kazi ya mwenye hoteli; yeye ndiye anayejua habari ya maji, taa, mlinzi na blanketi. Ukienda na gari la kulala, mwenye hoteli ni wewe. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu mazutu (dizeli) na kabla ya kuwaahidi watoto maporomoko, chukua karatasi uandike: usiku wa kwanza tunalala wapi, wa pili wapi, wa tatu wapi. Mchana utaujaza baadaye katikati. Kama kuna usiku mmoja hujui pa kuuweka, safari hiyo bado haijaiva.

Tuanze na majira. Kiangazi chetu kinakwenda toka Mei hadi Oktoba, na ndani yake mna nyakati mbili tofauti kabisa. Juni na Julai ni baridi, anga safi, maji bado yapo. Septemba na Oktoba ni joto, moshi wa mioto ya porini umefunika milima, na mito imekonda. Maporomoko ya Lofoi yanaanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, lakini usiende mwisho wa kiangazi ukitegemea ngurumo. Maji yakipungua, upepo unayapeperusha pembeni na kinachobaki ni uzi mweupe ukutani mwa mwamba. Mwenye uhuru wa kazi aende Mei au Juni. Sisi wenye watoto wa shule tunashika wiki za kwanza za Julai, tunakubali baridi.

Na baridi hiyo, watu wa Lubumbashi tunajidanganya kwamba tunaijua. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni tunatoka na makoti, ni kweli. Uwanda wa juu wa Kundelungu unafika mita 1,700 hivi. Kila mita 100 unazopanda zinakupunguzia zaidi ya nusu digrii, basi hesabu kama digrii tatu chini ya zile za nyumbani, uongeze na upepo, maana kule juu ni nyasi tupu na miti imejificha mabondeni. Hata hivyo wengi wanaokesha wakitetemeka hawakosi usingizi kwa sababu ya urefu wa mlima. Wanakosa kwa sababu ya mahali walipoegesha. Mtu anafika jioni, anakuta dambo, yaani bonde la nyasi lenye majimaji, tambarare, kijani, maji karibu, anasema ni hapa hapa. Usiku hewa baridi inakuwa nzito, inateremka taratibu kutoka miinukoni na kujikusanya mle chini. Alfajiri dambo lote ni jeupe kwa umande, na mara nyingine umande wenyewe umeganda juu ya majani. Sogea juu mita chache tu, kwenye mteremko mdogo wenye miti ya kukinga upepo. Tofauti utaisikia miguuni.

Sasa nifike kwenye kitu kinachonitisha kuliko mamba wa mto Lufira: mbabula, jiko letu la makala (mkaa). Kila nyumba hapa inayo, na katika usiku wa Julai tumezoea kuiingiza ndani makala yakishakuwa mekundu na moshi umeisha. Ndani ya gari usithubutu, hata kwa dakika chache za kupasha kitanda cha mtoto. Makala yasiyotoa moshi bado yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na chumba kidogo cha gari kinajaa upesi. Mtu aliyelala haamki akikohoa, analala zaidi. Majivu yakishafunika makala, hatari bado ipo. Kuacha injini iwake usiku kucha ili hita ifanye kazi nako ni mlemle, hasa bomba la moshi likiwa limetoboka au nyuma ya gari imesukumwa kichakani. Mbabula ikae nje, mbali na mlango, na kabla ya kulala uimwagie mchanga hadi isisikike joto ukiipitishia mkono.

Joto utalipata kwa njia nyingine. Baridi ya gari inatoka chini. Watu wanajitwika blanketi tatu juu, huku mgongoni wana godoro jembamba na bati tupu, ambalo chini yake upepo unapita. Geuza hesabu: mbili chini, moja juu, na chini ya zote utandike katoni zilizofunguliwa. Katoni ni bure na zinashinda godoro la bei. Kwa watoto tunatia maji ya moto, yasiyochemka, katika chupa ngumu, tunaivalisha soksi na kuiweka miguuni saa moja kabla ya kulala. Na ukubali kufungua vioo viwili kidogo, kimoja kila upande, upana wa vidole viwili. Watu wanne wakipumua usiku mzima ndani ya gari lililofungwa, asubuhi maji yanachuruzika vioo vyote na blanketi zinanuka unyevu hadi mwisho wa safari. Mume wangu alikata vipande vya chandarua, akavibana juu ya vioo kwa sumaku alizotoa kwenye spika mbovu. Vinazuia mbu pia, maana kandokando ya maziwa na Lufira mbu hawaendi vakansi.

Kabla ya kwenda mbali, fanyeni jaribio la usiku mmoja. Mimi nawatuma watu Kapolowe, kando ya ziwa Tshangalele, kabla hujafika Likasi. Ziwa hilo lilizaliwa na bwawa la Mwadingusha lililojengwa kwenye Lufira karibu na mwaka 1930, na leo ni nchi ya wavuvi na ndege. Lami karibu, samaki wabichi karibu, na kitu kikiharibika unarudi mjini kabla ya chakula cha mchana. Usiku huo mmoja utakuonyesha nani anakoroma, nani anaogopa giza, nani anataka kukojoa saa tisa za usiku, na kitanda kinalia wapi. (Bwawa lenyewe usilipige picha. Wala madaraja, wala migodi. Simu yako utaiona mara ya mwisho mkononi mwa mtu mwenye sare.)

Barabara ya Likasi ni kilomita 120 hivi za lami, na watu wanaidharau kwa sababu hiyo. Ni barabara ya malori ya shaba na kobalti yanayoshuka toka Kolwezi kwenda mpakani Kasumbalesa, na lori likifa barabarani, pembetatu yake ya kuonya ni matawi ya miti yaliyotupwa kwenye lami. Mchana unayaona. Usiku unayaona ukiwa umeshayapanda. Ukikuta majani mabichi barabarani bila lori, punguza mwendo vilevile, kwa sababu lori liko mbele kidogo au limeondoka na kuyaacha. Sisi tuna sheria moja: saa tisa alasiri gari linatafuta pa kulala, saa kumi limesimama. Julai giza linaingia saa kumi na mbili, na saa mbili hizo za katikati zinaisha kwa kuchota maji, kupika bukari (ugali), kutandika na kumwona jirani yako ni nani. Risiti za peaji, ushuru wa barabara, uzitunze, karatasi za gari ziwe mahali pamoja, na kizima moto kiwe kinafanya kazi kweli, kisiwe cha kuonyesha tu.

Hiace zetu nyingi zimetoka Japani kupitia Dar es Salaam, usukani kulia. Kule wanaendesha kushoto, kwa hiyo mlango wa kusukuma uliwekwa kushoto, upande wa njia ya miguu. Sisi tunaendesha kulia. Ukisimama kando ya barabara kubwa, mlango wako wa familia unafunguka kwenye malori. Mimi sisimami kamwe kando ya lami watoto wakiwa nyuma. Tunatoka barabarani kabisa, na ikilazimu, wote wanapita mbele na kuteremkia mlango wa dereva, ambao uko upande wa majani. Kwenye kambi, mlango huohuo unaamua gari likae vipi. Upepo wa kiangazi kwetu unatoka zaidi kusini-mashariki, basi mgongo wa gari uwe huko na mlango ugeukie upande mwingine, hapo ndipo utakapopikia bila vumbi kuingia sufuriani.

Kuhusu kufika: Hiace ya kawaida inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na tumbo lake liko chini. Kwenda Kundelungu unashika upande wa Kasenga, kisha unaacha barabara kubwa, na kuanzia hapo ulizia hali ya njia mwaka huo huo, kwa sababu mvua za masika zilizopita ndizo zinazoamua. Kupanda uwanda wa juu ni kazi ya 4x4. Sisi tunakwenda familia mbili: Hiace yetu inabaki chini kama nyumba, na Land Cruiser ya shemeji yangu inapandisha watu na hema. Mpango huu nausifu kuliko kununua gari kubwa. Gari likikwama, kuna lingine la kulivuta. Mtoto akiugua, kuna la kushuka naye bila kubomoa kambi.

Mzigo usiuweke juu. Bidoni moja la njano ni lita 20, yaani kilo 20. Manne juu ya keria ni kilo 80 zinazoyumbisha gari kwenye kila kona ya mlima. Maji yakae sakafuni, karibu na katikati ya gari, na hesabu lita tano kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, kuoga kukitegemea mto. Ukishuka mlima, tumia gia uliyopandia au iliyo chini yake, usikalie breki njia nzima. Ukianza kunusa harufu ya kitu kinachoungua magurudumuni, simama, zima, ngoja. Usimwage maji juu yake.

Kuna moto mwingine ambao watu wa mjini hawaujui. Ukiendesha kwenye njia yenye majani marefu makavu, yanajisokota chini ya gari na kujibana karibu na bomba la moshi. Bomba ni la moto, majani ni makavu, umeelewa. Kila kituo mmoja wetu analala chali na kuchungulia chini, anayang'oa kwa fimbo. Mbele ya radieta pia yanajaa mbegu, na gari linachemka bila sababu ya kuonekana. Na usiegeshe juu ya nyasi ndefu. Tafuta ardhi tupu, au sehemu iliyokwisha kuungua. Haipendezi kwa picha, lakini moto haurudi mahali ulipokwisha kula.

Pahali ninapopapenda zaidi kwa usiku wa njiani ni uwanja wa shule ya kijiji. Julai na Agosti shule ni tupu, uwanja umefagiwa, choo kipo, na nyumba ya mwalimu iko karibu. Lakini huingii hivi hivi. Kwanza shefu wa kijiji, tena kabla ya kushusha hata kiti. Mwaka jana tulifika kwa mzee mmoja upande wa Kasenga, amekaa chini ya mwembe. Mume wangu akavua kofia, tukapiga makofi kidogo, "Mwapoleni, baba shefu." Akaitikia, akauliza habari za Lubumbashi, bei ya unga, kisha akaangalia watoto mmoja mmoja. "Mutalala wapi na hii baridi?" Hakutuuliza tumekuja kuona nini. Kabla hatujajibu alikuwa ameshamtuma kijana kwa direkta wa shule, na usiku huo kulikuwa na mtu wa kulinda gari, bila sisi kuomba. Tulimwachia sukari, chumvi na sabuni, mkononi mwake na kwa mikono miwili. Watoto wa kijiji usiwagawie pesa wala biskuti kupitia dirishani. Unawafundisha kukimbilia magari, na gari linalofuata halitakuwa na dereva mwangalifu.

Kule Zambia, ukivuka Kasumbalesa, utakuta kambi zenye bafu la maji moto yanayochemshwa kwa kuni. Kwetu kambi ni shimo unalochimba mwenyewe. Basi chukua jembe dogo, shimo la choo liwe kina cha kiganja na kidole, hatua mia moja mbali na mto, na ulifukie. Wenyeji wanakunywa maji hayo hayo unayoyapiga picha.

Hifadhi ya Kundelungu iliundwa mwaka 1970, na Upemba ni ya mwaka 1939. Zote ziko mikononi mwa ICCN, taasisi ya serikali ya hifadhi za Kongo. Piteni ofisini kwao Lubumbashi kabla ya kuondoka, mlipe kinachotakiwa, mpewe risiti, na zaidi ya yote muulize habari za usalama za wiki hiyo, siyo za mwaka jana. Ukanda wa Manono, Mitwaba na Pweto uliwahi kuteswa sana na makundi yenye silaha, na walinzi wa Upemba wamepoteza wenzao kazini. Natamani sana kuwaonyesha wanangu punda milia wa Upemba, ambao ndio wa mwisho wa porini Kongo nzima. Ofisini wakiniambia njia ya Lusinga, kituo kikuu cha Upemba, haifai mwezi huu, naenda kwingine bila kubishana. Kiubo, yale maporomoko ya mto Lufira wenyewe, nayo iko upande wa Mitwaba, kwa hiyo swali ni hilohilo. Na jibu la kwenda na kurudi siku moja ni hapana.

Chakula usikifanye kigumu. Unga, mafuta, samaki wa mikebuka, nyanya, vitunguu, na sombe (kisamvu) iliyokwisha kuchemshwa nyumbani. Gesi ndogo kwa chai ya asubuhi, makala kwa jioni, na kila kitu kiive kabla ya giza. Njiani utauziwa munkoyo ya kunywa na chikanda ya kula. Vinunue, ni vya huku kwetu. Chikanda kweli ni mizizi ya okidi inayochimbwa kwenye nyanda hizi za juu, na inazidi kuadimika, lakini yule mama wa njiani siyo wa kusomewa hotuba.

Umeme unaujua tayari. Nyumba ipi Lubumbashi haina betri na sola ya siku za giza? Chukua kit hiyo hiyo. Ila betri ya kuwashia injini isiguswe kwa taa wala kwa kuchajia simu. Betri ya pili ya asidi yenye Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba), tumia nusu yake tu, ikishuka zaidi inakufa mapema. Friji achana nayo. Julai ya Kundelungu ni friji tosha.

Na mkishafika, kaeni. Usiku mbili mahali pamoja ndiyo kiasi cha chini, tatu ni bora. Siku ya kwanza watoto wanalalamika hakuna mtandao, ya pili wanajua njia ya kwenda mtoni na jina la mtoto wa jirani. Asubuhi mapema uwanda wa juu ni ukungu mtupu, usikimbilie; jua likipanda, pazia linafunguka na unaona mabonde yenye misitu myeusi yakichanika kwenye nyasi za rangi ya dhahabu, hadi bonde la Lufira kule chini. Ukingo wa Lofoi shika watoto mkono. Hakuna uzio, na mwamba uliolowa unateleza.

Siku ya kurudi ondokeni alfajiri, mpite malori kabla hayajajipanga. Mkifika nyumbani msikimbilie kuosha gari nje. Fungueni boneti, toeni filta ya hewa, muipige-pige ukutani; vumbi jekundu litakalotoka humo litajaza kikombe. Kisha breki za nyuma zifunguliwe na fundi wiki hiyo hiyo, na bolti za kitanda zikazwe upya, kwa sababu barabara imezilegeza zote.